Njoroge Alisoma Karibu, Mimi Nikaenda Mbali

Mjukuu wangu Nekesa alikuja kuniona hapa Kiamunyi akiwa na karatasi yenye majina ya vyuo vinne. Kando ya kila jina alikuwa ameandika mwendo wa kutoka kwao hadi hapo. Chuo cha kwanza, dakika ishirini. Cha pili, saa moja. Cha nne alikuwa tayari amekikata kwa kalamu.

"Hiki umekikata kwa nini?" nikamwuliza.

"Ni mbali, babu."

"Kinafundisha nini?"

Hakujua. Sikumcheka, kwa sababu nilipokuwa na umri wake nilichagua hivyo hivyo, na kama mtu mmoja asingeniuliza swali la kuudhi ningebaki na uchaguzi huo. Kwa hiyo haya nayaandika kwa ajili yake na nyinyi wenzake. Mimi nilikuwa fundi wa matrekta na mashine za shamba, kazi niliyoifanya hadi mgongo ulipokataa kuinama. Siwezi kuwaambia chuo kipi ni kizuri siku hizi. Ninachoweza ni kuwaeleza jinsi sisi wawili, mimi na rafiki yangu Njoroge, tulivyopata vyuo vyetu, na yaliyotupata baadaye.

Tulizaliwa kwenye shamba moja la ngano la mzungu, kati ya Njoro na Rongai. Baba yangu, Wekesa, aliendesha trekta. Baba yake Njoroge alikuwa seremala wa shamba. Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikipambana na wapigania uhuru wa Kikuyu. Wakikuyu wengi wa pande zetu walipakiwa kwenye malori na kupelekwa Kiambu na Murang'a, hata wale ambao hawakuwahi kukanyaga huko. Familia ya Njoroge ilibaki kwa sababu mzungu wetu hakuwa na seremala mwingine. Lakini Mkikuyu alitembea na kitabu cha ruhusa, kilichoandikwa mwisho wake wa kwenda ni wapi. Cha Njoroge kiliishia kwenye mpaka wa wilaya ya Nakuru. Sisi Wabukusu hatukubeba kitabu hicho. Wakati huo sikuona kama tofauti hiyo inanihusu.

Tulipomaliza darasa la nane, Njoroge akiwa mbele yangu kwa hesabu na kwa kila kitu isipokuwa mpira, tuliambiwa kuna vyuo viwili vinavyochukua vijana wa ufundi wa mashine. Kimoja kilikuwa nje kidogo ya mji wa Nakuru, maili kumi na nne kutoka shambani, mwendo wa baiskeli. Kingine kilikuwa ng'ambo ya Nairobi, upande wa Machakos. Huko unakwenda kwa gari la moshi, kisha kwa lori, kisha kwa miguu.

Mimi nilichagua cha Nakuru kabla mwalimu hajamaliza kusoma tangazo. Nilitaka ugali wa mama na mpira wa Jumapili. Lakini palikuwa na sababu nzito kuliko hizo. Kijana aliyefikia umri wangu hakuruhusiwa kukaa tu shambani. Ama aandikwe kazi, ama aondoke. Baba alikwenda kumwuliza mzungu, nami nikasimama nyuma yake.

"Huyu kusoma Nakuru, Jumamosi kuja kusaidia kuvuna, hapana shauri," mzungu akasema kwa Kiswahili chake. "Huyu kwenda mbali, huyu si mtu ya shamba tena."

Kwa hiyo umbali kwetu haukuwa tu nauli na upweke. Ukienda mbali unapoteza mahali pa kulala nyumbani kwenu. Nilidhani jambo limekwisha amuliwa.

Wiki hiyo hiyo kombaini, ile mashine kubwa ya kuvuna ngano, ikakwama katikati ya shamba. Akaitwa Fundi Mohinder, Kalasinga aliyekuwa na karakana yake mjini Nakuru. Nilikuwa nampa spana. Alikuwa amelala chini ya mashine, naona miguu na ncha ya ndevu tu.

"Nasikia wewe naenda shule ya ufundi," akasema. "Gani?"

"Ya Nakuru, Fundi."

"Kwa nini?"

"Ni karibu."

"Karibu na nini?"

"Na nyumbani."

Akatoa kichwa. "Nyumbani iko injini?"

Nikamnyoshea spana nyingine. Akarudi chini, akaendelea kufungua, halafu sauti ikatoka tena. "Wewe enda ona kwanza. Usiulize mwalimu kitu, mwalimu atasema mzuri tu. Angalia mikono ya wanafunzi. Angalia spana zao. Halafu tafuta mtu amesoma hapo, uliza yeye sasa nafanya kazi gani."

Vijana, katika maisha yangu nimepewa mashauri mengi, mengine na watu wenye digrii, lakini kuhusu vyuo sijapata kusikia lililozidi hilo.

Mimi na Njoroge tulikwenda Nakuru kwa baiskeli moja, tukipokezana kukanyaga. Chuo kilikuwa kisafi. Sakafu ya karakana ungeweza kuanika mahindi juu yake. Katikati palikuwa na injini moja ya dizeli, imekatwa ubavuni ili uone ndani, kila sehemu imepakwa rangi yake. Ilipendeza. Lakini injini iliyokatwa haiwashwi. Nikaangalia spana ukutani. Zilikuwa mpya, na kila moja ilikuwa mahali pake saa nne ya asubuhi, wakati wa kazi. Nikasalimiana na wanafunzi watatu, na viganja vyao vilikuwa laini kuliko vyangu mimi niliyetoka kupalilia.

Njoroge hakuwa anaangalia mikono. Alikuwa amesimama mbele ya ukuta wenye michoro ya injini, mikubwa, iliyochorwa na mwalimu mmoja mzee kwa mkono wake. Yule mzee akamwona, akaja, akamweleza mchoro mmoja kwa muda mrefu sana. Tuliporudi njiani Njoroge akasema, "Yule mwalimu anajua."

"Lakini hawana injini."

"Hawana. Ningependa kwenda kule kwingine. Lakini yule mzee anajua."

Kule kwingine hatukuweza kwenda kukuona. Tulimtafuta mtu aliyesoma huko, tukampata kwenye kiwanda cha mbao Elburgon, anashughulikia mashine za kupasua magogo. Alitupokea huku anajifuta grisi. Tukamwuliza chuo kikoje.

"Chakula ni kibaya," akasema. "Maji ni ya kubebwa. Joto lake wewe mtu wa Njoro utalia. Mtalala thelathini kwenye bweni moja."

"Na injini?"

"Sita, zote zinawaka. Yaani zinawaka zikitengenezwa. Mwalimu Kilonzo anaziharibu jioni, nyinyi mnazitengeneza asubuhi."

"Ungekuwa unachagua tena?" Njoroge akamwuliza.

Yule bwana akaelekeza kidole kwenye msumeno mkubwa uliokuwa unanguruma nyuma yake. "Hii mimi ndiye ninayeifungua ikikwama. Hakuna mzungu anayeigusa."

Tulitoka Elburgon sote wawili tumeamua kwenda mbali. Barua zetu za kuomba nafasi tuliziandika meza moja, na majibu yalikuja siku moja. Tumekubaliwa. Bado Njoroge kupata ruhusa. Nikamsindikiza hadi ofisi ya serikali Nakuru. Karani alikuwa kijana aliyetuzidi umri kidogo tu, amevaa tai.

"Unataka kupita Nairobi?" akamwuliza.

"Napita tu. Nashuka, napanda gari lingine."

"Kwenda kufanya nini?"

Njoroge akamwonyesha barua ya chuo. Karani akaisoma yote, polepole, nadhani alikuwa anaona huruma. Akaingia chumba cha ndani, akakaa, akatoka.

"Imekataliwa," akasema. "Nakuru kuna chuo. Soma hapa."

Njoroge akakunja barua, akaitia mfukoni, akasema asante. Tukashika njia ya kurudi, tukavuka reli. Hapo ndipo alipoongea. "Wewe nenda. Usikae kwa ajili yangu, utanikasirisha."

Mimi nilikuwa nimeanza kufikiri kukaa. Msinione mwema, nilikuwa natafuta sababu. Baba ndiye aliyenimaliza. Nilimkumbusha kwamba nikienda mzungu atanifuta. Akasema, "Mimi naendesha trekta hii miaka tisa. Ikizima, nakaa chini ya kivuli chake namngoja Mhindi. Nenda ujifunze, mtoto wangu asingoje mtu."

Nikaenda.

Yule bwana wa Elburgon hakutudanganya. Tulikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, mchana na jioni, hadi nikaanza kuipenda kwa kukosa la kufanya. Kuoga ni kikombe kimoja cha maji, uanzie kichwani na usali kifike miguuni. Na lugha. Wenzangu wengi walikuwa Wakamba, wakicheka sijui wanacheka nini, na kwa mwezi mzima nilidhani wananicheka mimi. Baadaye nilipokijua Kikamba kidogo niligundua kwamba ni kweli walikuwa wananicheka. Kama Wabukusu wengi, nilikuwa nasema "fitu" badala ya "vitu" na sikujisikia.

Mwalimu Kilonzo alikuwa mfupi, mpole, na mchawi wa kuharibu injini. Alikuwa anatia kitambaa kwenye bomba la hewa, au anaacha hewa kwenye njia ya dizeli, au anabadilisha nyaya mbili, kisha anakwenda kulala. Asubuhi anakaa kwenye kiti, anakunywa chai, anatutazama. Hakuwa anasema lolote hadi umeshindwa kabisa. Kwake nilijifunza kwamba trekta ya dizeli ikikataa kuwaka usikimbilie kufungua mambo makubwa. Legeza ile nati ndogo kwenye pampu, sukuma dizeli hadi povu liishe, funga, jaribu tena. Nusu ya wateja wangu wa baadaye walinilipa kwa kazi hiyo ya dakika tano, nami nikiwa na uso mzito kama daktari.

Kosa langu kubwa nililifanya mwaka wa kwanza. Nilifungua injini nzima na kuirudisha peke yangu, nikajiona mtu. Nikashika mkono wa kuiwashia.

"Ngoja," Kilonzo akasema. "Toa vilivyo mfukoni."

Nikatoa leso, kipande cha penseli, na bolti moja. Bolti ya ndani, ya kushika fimbo ya pistoni. Ningewasha, injini ingejipasua tumbo. Kilonzo akachukua ile bolti, akaiweka kwenye kiganja changu, akarudi kwenye chai yake. Ilinichukua siku mbili kuifungua tena. Tangu hapo hadi nilipostaafu, hakuna fundi aliyewasha mashine mbele yangu kabla ya kukung'uta mifuko, na wengi walidhani ni ushirikina wa Kibukusu.

Mngetaka niishie hapo, niseme nendeni mbali, mbali ndiko kuna injini. Lakini mwaka wa pili, wakati wa mavuno kwetu, nilipata barua ya Njoroge. Ilikuwa imesafiri siku kumi na moja. Iliandikwa hivi: Baba yako ameumia mkono kwenye mashine ya kupura. Yuko hospitali, anaongea. Usiogope, ila ujue.

Sikuweza kwenda hadi muhula uishe, kwa hiyo habari kamili niliipata baada ya wiki tano. Niliambiwa na mama, na baba mwenyewe, na kila mtu shambani, na wote walisema vilevile. Mashine ya kupura ilizungushwa na mkanda mrefu uliotoka kwenye trekta. Mkanda ukaanza kuteleza. Baba akashuka, akaacha trekta inanguruma, akausukuma kwa mkono. Ukamvuta. Watu wote wakamkimbilia yeye, wakamshika kiunoni, wakamvuta upande wao na mkanda ukamvuta upande wake. Hakuna aliyejua kuzima trekta, maana aliyejua alikuwa ndiye huyo aliyenaswa.

Ilikuwa Jumamosi, na Njoroge alikuwa amekuja nyumbani kwa baiskeli kutoka chuoni Nakuru. Hakumkimbilia baba. Alikimbilia trekta, mashine ambayo hajawahi kuiendesha hata siku moja, akavuta kile kishikio kidogo kinachokata dizeli. Injini ikafa. Kisha akavua shati, akafunga mkono juu ya kidonda, akamwambia nyapara alete gari la mzungu.

Baba alipoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia. Bila Njoroge angepoteza mkono, na pengine zaidi.

Siku niliyofika, nyapara alinipa karatasi iliyosema mimi ni mgeni, nimeruhusiwa siku saba. Mgeni, kwenye nyumba niliyozaliwa. Mama alinitengea chakula, akakaa, akanitazama nikila. Halafu akasema, bila hasira yoyote, "Mtoto wangu alikuwa mbali anasoma mashine. Mtoto wa mwenzangu ndiye aliyeizima."

Hakulirudia tena neno hilo hadi alipokufa. Lakini mimi sijalisahau, na nikilikumbuka bado linauma pale pale.

Nilikwenda kwa Njoroge jioni kumshukuru. Nilimkuta ananoa patasi ya baba yake. Nikamwuliza alijuaje kile kishikio.

"Kwenye mchoro," akasema. "Yule mzee alitufanya tuuchore mara kumi, na majina yote. Nilikuwa namlaani."

"Mimi ningejua pia," nikasema, na mara nikaona aibu kwa kulisema.

"Najua ungejua." Akajaribu makali ya patasi kwa ukucha. "Lakini hukuwepo."

Hakunilaumu. Alikuwa anasema kilichotokea.

Basi mnaniuliza mpime vipi. Kwangu, umbali una uzito, na anayewaambia haujalishi hajawahi kupata barua ya siku kumi na moja. Pimeni ni nani mtakayemwacha, na akiumia nani atakuwepo. Pimeni pia mtapewa nini mikononi, maana kukaa karibu na nyumbani miaka miwili na kutoka hujui kitu ni hasara ya nyumba nzima. Na mkiona mwalimu mmoja anayejua kazi yake, hata kama karakana yake haina kitu, msimdharau kama nilivyomdharau yule mzee wa michoro. Nilikagua spana na mikono, nikasahau kumsikiliza.

Nilipomaliza, Fundi Mohinder alinichukua kwenye karakana yake. Njoroge alikuwa ameshaingia hapo mwaka mmoja kabla yangu, maana masomo ya Nakuru yalikuwa mafupi kuliko yetu, na karakana ilikuwa ndani ya mpaka wa kitabu chake. Miezi ya kwanza tuliudhiana kidogo. Mimi nilifungua injini kwa haraka kuliko yeye, nikahakikisha anaona. Kisha ikaletwa kombaini ya aina mpya kutoka shamba la Rongai, giaboksi imekwama, na ngano imekauka shambani inangoja. Nikaifungua, nikaitazama, sikuelewa kitu. Kilonzo hakuwa ameniharibia kitu cha namna hiyo. Njoroge alichukua kitabu cha mashine, akaketi juu ya pipa, akafuata mchoro kwa kidole kwa muda wa saa nzima huku mimi nikizunguka kama kuku.

"Iko pini hapa," akasema mwishowe. "Huwezi kuiona. Ingiza mkono kushoto, nyuma ya gia kubwa."

Nikaingiza. Ilikuwepo, imekatika.

"Nyinyi wawili ni fundi mmoja," Mohinder akasema. "Mimi nalipa mbili bure." Lakini alilipa.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya hamsini, zile ruhusa zikalegezwa. Siku moja Njoroge alikuja kazini, akatundika kitabu chake kwenye msumari karibu na makoti, akasema hakihitajiki tena. Tukanywa chai, tukaendelea na kazi. Sikujua kwamba jioni hiyo aliandika barua.

Alikuwa na mke, Wambui, na mtoto wa kwanza. Alikuwa na kazi nzuri maili chache kutoka kwa wazazi wake. Chuo kile cha ng'ambo ya Nairobi kilikuwa na masomo ya mwaka mmoja kwa mafundi waliokwisha anza kazi, wakamkubali. Nilimwambia ukweli kama nilivyouona.

"Njoroge, huhitaji. Unajua kazi. Utakaa na watoto wadogo kwako, ule muthokoi, kwa ajili ya nini?"

"Injini sita," akasema.

"Hapa tuna injini zaidi ya sita."

"Hapa naambiwa harakisha, mwenyewe anangoja. Nataka kuharibu na kutengeneza hadi nichoke."

Mohinder alikubali kumwekea nafasi yake. Mimi nilikubali kupita kwa wazazi wake kila Jumamosi, na kwa Wambui nikitoka kazini, na mke wangu akaahidi vilevile. Njoroge alituuliza jambo hilo mara mbili, akianzia kwangu na kumalizia kwa mke wangu, hadi aliporidhika. Hapo ndipo alipokata tiketi.

Tulimpeleka stesheni ya Nakuru asubuhi. Wambui alikuwa amembeba mtoto mgongoni. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hakuwa amemzuia mume wake hata siku moja. Gari la moshi lilipoonekana, akaniuliza mimi, si yeye, akiniita kwa jina la binti yangu.

"Baba Nafula, huko ni mbali sana?"

Nikataka kumwambia si mbali. Njoroge akaniwahi.

"Ni mbali," akamwambia.

Akamshika mtoto kichwa, akachukua sanduku lake, akapanda. Alikaa upande wa dirisha. Askari alipita kwenye behewa, kama walivyozoea, na nilimwona Njoroge anaweka mkono kwenye mfuko wa shati, mahali pa kile kitabu, akakuta hamna kitu, akautoa. Askari akapita bila kumtazama.